Kusafisha Makochi Nyumbani: Somo la Vumbi, Maji na Hewa

Utangulizi

Wanafunzi wengi hudhani kwamba sayansi huishi katika maabara, penye chupa za vioo na taa za Bunsen, na kwamba mtu akifunga mlango wa maabara basi ameiacha sayansi ndani. Dhana hiyo si sahihi. Sebule ya nyumba yoyote ina fizikia, kemia na baiolojia ya kumtosha mwanafunzi wa sekondari kwa muhula mzima. Katika makala haya tutachukua chombo kimoja tu cha sebuleni, yaani kochi, na kuuliza: lisafishwe vipi ili lidumu, na lisimdhuru anayelikalia?

Swali hili mimi mwenyewe nililijibu vibaya. Mwaka mmoja, wakati wa masika, sikukuu ikikaribia, niliamua kuosha makochi yetu hapa Dar es Salaam. Nilikuwa na shahada ya udaktari kutoka ng'ambo, kwa hiyo sikuona haja ya kumwuliza mtu. Nilikoroga sabuni ya unga katika ndoo, nikamwagia, nikasugua kwa brashi, kisha nikasuuza kwa ndoo kadhaa za maji safi. Kitambaa kiling'aa. Siku ya pili kilikuwa kikavu ukikigusa kwa mkono, nasi tukakaribisha wageni. Siku ya tano sebule ilianza kunuka kama gunia lililosahauliwa ghalani, na mtoto wetu wa pili, ambaye ana pumu, akaanza kukohoa na kubanwa kifua kila jioni alipokaa pale. Fundi alipofumua mshono wa mto mmoja, tulikuta sponji mbichi kabisa, yenye madoa meusi ya koga. Maji niliyoyaingiza kwa saa moja yalikuwa hayajatoka kwa siku tano.

Kosa langu halikuwa la sabuni. Nilisahau kwamba kila tone linaloingia ndani ya kiti halina budi kutoka, na kwamba kuliingiza ni rahisi mno kuliko kulitoa. Hilo ndilo fundisho kuu la makala haya, na msomaji ataona kwamba karibu kila kanuni ya kutunza makochi hutokana nalo.

Kochi limeundwa vipi?

Shati ni tabaka moja la kitambaa. Huoshwa, husuuzwa, hukamuliwa na kuanikwa kambani, upepo ukilipitia pande zote mbili. Kochi ni tabaka nyingi zilizofungiwa pamoja, na kila tabaka lina tabia yake mbele ya maji.

Ndani kabisa kuna kiunzi cha mbao, kama vile mninga, mvule au msonobari. Mbao zikifyonza maji huvimba, na zikikauka hunywea. Jambo hilo likirudiwa mara nyingi, viungo hulegea na kiti huanza kulia kila mtu anapokaa. Juu ya kiunzi kuna mikanda ya mpira au ya gunia, au springi za chuma. Chuma kikikutana na maji na oksijeni hushika kutu, na kutu hupenya mpaka kwenye kitambaa likawa doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni.

Kisha huja kijazio. Mafundi wetu wa zamani walitumia usumba wa nazi, pamba au sufi. Huko Ulaya walitumia pia manyoya ya farasi. Siku hizi kijazio cha kawaida ni sponji ya poliurethani. Kemia ya dutu hii ilianzishwa na Mjerumani Otto Bayer pamoja na wenzake mwaka 1937, na sponji laini za kukalia zikaenea katika miaka ya 1950.

Tulitazame tabaka hili kwa hesabu. Mita moja ya ujazo ya sponji ya kawaida ina uzito wa kilo 30 hivi. Poliurethani yenyewe, kama ingekuwa pande zima lisilo na matundu, mita moja ya ujazo ingekuwa na kilo 1,200 hivi. Tukigawa 30 kwa 1,200 twapata 0.025. Maana yake ni kwamba katika sponji, sehemu mbili na nusu tu katika kila 100 ndizo dutu yenyewe. Zilizobaki ni hewa. Mto wa kukalia wenye urefu wa sentimita 55, upana wa sentimita 55 na unene wa sentimita 10 una ujazo wa lita 30 hivi, na karibu zote ni nafasi tupu. Nafasi hiyo ndiyo inayotupa starehe tukikaa, na ndiyo hiyo hiyo inayongojea kujazwa maji.

Tabaka la mwisho ni kitambaa. Pamba na kitani ni selulosi, nazo hunywa maji kwa wingi. Sufu ni protini, na huharibiwa na alikali kali. Poliesta na nailoni ni polimeri zilizotengenezwa na binadamu. Poliesta hunywa maji kidogo, lakini hushikamana sana na mafuta. Mahameli yaweza kufumwa kwa pamba, kwa hariri au kwa poliesta, hivyo jina lake halituambii tabia yake. Ngozi na ngozi bandia hazina shida kubwa: zapanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kwa kitambaa kikavu.

Vumbi na wakazi wake

Kabla ya kushika maji hatuna budi kumshinda adui wa kwanza, naye ni vumbi. Vumbi la sebuleni ni mchanganyiko wa chembe za udongo, nyuzi za nguo, chavua, masizi, na magamba madogo sana yanayopukutika katika ngozi zetu wenyewe. Chembe za mchanga zina kingo kali, na ni ngumu kuliko uzi wowote wa nguo. Kila mtu anapokaa na kuinuka, chembe hizo husaga nyuzi kama msasa. Kochi lisilopanguswa huchakaa kwa vumbi kuliko linavyochakaa kwa kukaliwa.

Magamba ya ngozi nayo ni chakula cha utitiri wa vumbi, mdudu wa jamaa ya buibui na kupe, mwenye urefu wa milimita 0.3 hivi, asiyeonekana kwa urahisi bila kioo cha kukuzia. Haumi wala hanyonyi damu. Madhara yake ni kwamba kinyesi chake kina protini zinazowaletea baadhi ya watu mzio, yaani hali ya mwili kupigana na kitu ambacho kwa wengine hakina neno. Mwaka 1964 watafiti wa Uholanzi, Voorhorst na Spieksma pamoja na wenzao, ndio waliohusisha utitiri huu na mzio wa vumbi la nyumbani. Kwa mtu mwenye pumu, jambo hilo laweza kuleta usiku wa kukosa pumzi.

Utitiri wa vumbi hanywi maji. Huyapata kwa kuyafyonza kutoka hewani kwa mwili wake. Hewa ikiwa kavu kwa muda mrefu, hunyauka na kufa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, hustawi. Basi aliyelowesha mto wa kochi amemwandalia utitiri makao, na koga pia.

Kuondoa vumbi bila kulihamisha

Bibi zetu walitoa mito nje na kuipiga kwa fimbo. Kitendo hicho ni sheria ya kwanza ya Newton: kitu kilichotulia huendelea kutulia mpaka kisukumwe na nguvu. Fimbo husukuma kitambaa kwa ghafla. Chembe ya vumbi, ambayo haikushikwa imara, hubaki nyuma na kutengana nacho. Upepo huichukua. Kasoro ipo pale tu tunapoipiga mito ndani ya nyumba, kwa maana vumbi huruka, hukaa hewani, tukalivuta puani, kisha likarudi palepale.

Dawa ni rahisi. Loweka kitambaa cha pamba, shuka kuukuu yafaa, kisha kikamue mpaka kisidondoke. Kitandaze juu ya kochi, halafu kipige kwa mkono au kwa kijiti. Vumbi likiinuka hunaswa na nyuzi zenye unyevu. Kifunue, ukisuuze, urudie mpaka maji ya kusuuzia yabaki meupe. Katika pembe na mishono tumia brashi laini.

Mwenye mashine ya kufyonza vumbi ana kazi nyepesi zaidi. Historia ya mashine hiyo inahusu viti moja kwa moja. Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, alikuwa ameona mashine iliyojaribu kusafisha kwa kupuliza hewa. Yeye aliona kwamba yafaa kuvuta wala si kupuliza. Ili kujaribu wazo lake, aliweka mdomo kwenye egemeo la kiti cha mahameli katika mkahawa mmoja wa London, akavuta pumzi. Alikaribia kupaliwa na vumbi, lakini alijua kwamba wazo lake ni la kweli. Mwanafunzi na afurahie kisa hicho bila kukiiga.

Sabuni hufanya kazi gani?

Maji matupu hayapendi kulowesha kitambaa chenye mafuta. Molekuli za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe, na katika uso wa maji mvuto huo hufanya kama utando uliokazwa. Mvutano wa uso wa maji safi ni milinyutoni 72 hivi kwa kila mita. Ukitia sabuni, hushuka mpaka karibu na 30. Ndipo maji huenea na kupenya katikati ya nyuzi.

Molekuli ya sabuni ina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine hupenda mafuta. Zile ncha zinazopenda mafuta hujichoma katika tone la uchafu, zile zinazopenda maji hubaki nje, na tone zima hubebwa na maji kama abiria. Lakini abiria huyo hana budi kutolewa nje. Katika nguo hutoka kwa kusuuza. Katika kochi, ukisuuza kwa ndoo, maji humsukuma ndani ya sponji, akabaki humo.

Sabuni ya kawaida ya mche ina kasoro mbili zaidi. Kwanza, ni alikali, nayo haifai kwa sufu wala hariri. Pili, katika maji magumu yenye kalsiamu hufanya utando mweupe usioyeyuka, ambao ukibaki katika kitambaa hunata na kushika vumbi jipya. Kwa makochi yafaa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kwa kuwa si kali, na haifanyi utando huo.

Njia ifaayo ni kutumia povu peke yake. Tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni hiyo katika nusu lita ya maji, upige kwa mchapo kama upigavyo mayai. Povu likijaa, chota la juu tu kwa sponji. Povu, kama sponji yenyewe, karibu lote ni hewa. Hupeleka sabuni ya kutosha na maji machache. Pangusa kwa mduara, eneo dogo dogo, kisha pitisha kitambaa chenye unyevu kuondoa sabuni, na mwishowe taulo kavu. Kabla ya yote, jaribu mahali pasipoonekana, chini au nyuma ya kochi, uone kama rangi itatoka.

Maji yakiingia, hutoka vipi?

Hapa ndipo nilipokosea, na hapa ndipo penye somo lenyewe. Maji hutoka katika kochi kwa kuwa mvuke. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke katika digrii 30 za Sentigredi kwahitaji kilojouli 2,430 hivi. Kuyapasha moto maji hayo hayo kutoka digrii 30 mpaka yachemke kwahitaji kilojouli 294. Basi kukausha kwahitaji nishati mara nane ya kuchemsha, na nishati hiyo haina budi kutoka katika hewa ya chumba na katika kiti chenyewe. Ndiyo sababu mto mbichi ni wa baridi.

Tena hewa haipokei mvuke bila kikomo. Katika digrii 30, mita moja ya ujazo ya hewa yaweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke, haizidi. Siku ya masika katika pwani yetu, hewa ikiwa imekwisha kubeba asilimia 80 ya uwezo wake, inazo gramu 24 tayari. Nafasi iliyobaki ni gramu 6.

Sasa tuchukue mto mmoja uliobaki na lita 2 za maji baada ya kukamuliwa, yaani gramu 2,000. Tukigawa kwa 6 twapata mita za ujazo 333. Sebule yenye urefu wa mita 4, upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.5 ina mita za ujazo 40. Kwa uchache, basi, hewa yote ya sebule yapasa kubadilishwa zaidi ya mara nane kwa ajili ya mto mmoja tu! Seti ya makochi yenye mito sita yahitaji mara 50. Nami, nikiogopa mvua, nilikuwa nimefunga madirisha. Baada ya muda mfupi hewa ya sebule ilishiba, na kukauka kukakoma.

Wakati wa kiangazi, hewa ikiwa na asilimia 50, nafasi iliyobaki ni gramu 15, na mto ule ule utahitaji mita za ujazo 133. Lakini mwenye kutumia povu, akaacha gramu 50 tu katika mto, atahitaji, hata siku ile ya masika, mita za ujazo 8 hivi, yaani sehemu moja ya tano ya hewa ya sebule. Tofauti kati yake na mimi haikuwa bidii. Ilikuwa kiasi cha maji.

Mbegu za kuvu zimo katika hewa tunayoivuta, zikingoja unyevu. Kitu kilicholowa kikikauka katika saa 24 hadi 48, kwa kawaida kuvu hawapati nafasi ya kuota. Kwa hiyo chagueni siku ya jua na upepo, anzeni asubuhi, fungueni madirisha ya pande mbili ili hewa ipite, mito isimamishwe kwa ubavu, na kama kuna feni iwashwe. Ngozi ya mkono si kipimo cha kuaminiwa, kwa kuwa hugusa kitambaa cha juu tu.

Kwa nini doa hurudi?

Wengi wameona ajabu hii: doa la chai husafishwa, halionekani, na kesho yake limerudi mahali pale pale, pengine na mviringo wa kahawia. Watu husema doa limeota. Ukweli ni kwamba halikuondoka. Maji yaliliyeyusha na kulishusha ndani ya sponji. Kisha kitambaa cha juu kilipokauka, maji ya chini yalipanda kukifuata kupitia vijia vyembamba, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Maji yalipofika juu yaligeuka mvuke na kwenda zake. Rangi, isiyoweza kugeuka mvuke, ikabaki juu. Ndivyo pia chumvi inavyojitokeza katika kuta za nyumba zenye unyevu.

Ajabu hii hutupa dawa yake. Baada ya kusafisha doa, weka juu yake taulo nyeupe kavu iliyokunjwa, na juu ya taulo kitabu kizito kilichofunikwa plastiki chini yake. Sasa utambi umeongezewa urefu: rangi itapanda mpaka katika taulo, wala haitakoma katika kitambaa.

Jaribio la 1. Kata vipande viwili sawa vya sponji. Vichovye katika chai ya rangi, uvikamue kidogo. Funika uso wa juu wa kila kimoja kwa kitambaa cheupe cha pamba. Cha kwanza kifunge plastiki pande zote isipokuwa juu. Cha pili kifunge chote. Viache mahali penye upepo mpaka kesho. Linganisha rangi ya vitambaa, na ueleze kazi ya kugeuka mvuke.

Jaribio la 2. Pima uzito wa vipande vitatu sawa vya sponji, kisha vilowe kwa kiasi sawa cha maji. Kimoja kiwekwe katika sanduku lililofungwa, kimoja kivulini pasipo upepo, kimoja kivulini penye upepo. Pima kila baada ya saa moja, uchore mchoro wa uzito dhidi ya wakati.

Madoa ya kawaida

Kanuni ni moja kwa yote: wahi kabla halijakauka, ondoa kwa kijiko kilicho juu, bonyeza kwa kitambaa kikavu, usisugue, fanya kazi kutoka ukingoni kuelekea katikati ili doa lisipanuke.

Damu, maziwa na mayai ni protini. Tumia maji baridi. Maji ya moto huigandisha protini kama yai linavyoganda kikaangoni, na doa hushika nyuzi.

Chai, kahawa na soda huyeyuka katika maji. Bonyeza kwa kitambaa chenye maji baridi, kisha kwa povu. Doa likibaki, tumia kijiko kimoja cha siki katika kikombe cha maji.

Mafuta na samli yasiguswe kwa maji kwanza. Nyunyiza chaki ya ubaoni iliyosagwa, au poda ya watoto, uache kwa saa moja inyonye, upanguse kwa brashi, kisha ndipo ufuatishe povu.

Mkojo wa mtoto hunyonywa mara moja kwa taulo kavu. Usipowahiwa, bakteria huivunja urea na kutoa amonia, ambayo ndiyo harufu ile inayochoma pua. Siki iliyopunguzwa kwa maji, kwa kuwa ni asidi, huizimua amonia hiyo.

Nta ya mshumaa iachwe igande, ikwanguliwe, kisha iwekewe karatasi inyonyayo na kupitishwa pasi yenye moto kidogo.

Hatari mbili

Hatari ya kwanza ni petroli. Wapo wanaoitumia kuondoa madoa ya mafuta, na ni kweli huyeyusha mafuta. Lakini petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni mpaka kwenye jiko au mshumaa wa chumba cha pili. Nayo sponji ya poliurethani ikiwaka hutoa moshi wenye kaboni monoksaidi na sianidi ya hidrojeni. Tarehe 8 Mei 1979 moto ulizuka penye samani katika duka kubwa la Manchester, Uingereza, moshi wa sponji ukatanda kwa dakika chache, na watu 10 wakafa. Msiba huo ni miongoni mwa yaliyoifanya Uingereza itunge, mwaka 1988, kanuni kali kuhusu samani zinazoshika moto. Petroli isitumike kabisa ndani ya nyumba.

Hatari ya pili ni dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Ikichanganywa na asidi hutoa gesi ya klorini:

NaOCl + 2HCl → NaCl + H2O + Cl2

Ikikutana na amonia hutoa kloramini, gesi inayochoma macho na mapafu:

NH3 + NaOCl → NH2Cl + NaOH

Msomaji akumbuke kwamba kochi lililokojolewa lina amonia tayari, na kama limepakwa siki lina asidi pia. Kulimwagia klorini ni kutengeneza sumu sebuleni. Zaidi ya hayo, klorini huharibu sufu, hariri na rangi za vitambaa.

Utunzaji wa siku kwa siku

Mito igeuzwe kila juma, ili ichakae sawasawa. Vumbi liondolewe kila juma pia. Foronya za mito zinazovulika zifuliwe. Kama kitambaa chaweza kustahimili, maji ya digrii 60 huua utitiri wa vumbi. Mito ianikwe nje siku ya jua kavu, foronya ikiwa imegeuzwa ndani nje, wala isiachwe juani kwa siku nyingi, kwa kuwa mwanga wa jua hufifisha rangi, na sponji iliyo wazi hugeuka manjano ikaanza kupukutika.

Mwisho, tusividharau vile vitambaa vya kufuma ambavyo mama zetu huviweka juu ya maegemeo na mikono ya makochi. Wengine huviona pambo tu. Vitambaa hivyo hupokea jasho na mafuta ya nywele kabla hayajafika kwenye kochi, navyo hufuliwa na kukauka kwa saa chache. Waingereza wa karne ya 19 waligundua haja hiyo hiyo: wanaume walipaka nywele mafuta yaliyoitwa Macassar, na vitambaa vya kuyazuia vikapewa jina lenye maana ya kuyakinga. Walivyofanya wafumaji wetu ni sayansi timamu: kuweka tabaka rahisi kuosha mbele ya tabaka gumu kukausha.

Hitimisho

Makochi yetu yalipona kwa gharama. Sponji za mito minne zilitupwa, springi zilizoshika kutu zikabadilishwa, na tangu hapo kazi ya kusafisha hufanywa kwa kitambaa chenye unyevu, bakuli la povu na madirisha wazi. Mtoto ana pumu bado, lakini huketi sebuleni na wenzake bila kikohozi cha kila jioni. Fundi aliyetutengenezea aliniambia jambo moja nililolipia karo ng'ambo bila kulielewa: "Mwalimu, kiti hakikuulizi umekiosha vipi, kinakuuliza utakikausha vipi."

Maswali ya mazoezi

1. Mto una sentimita 60 kwa 50 kwa 12. Tafuta ujazo wake, na uzito wa sponji yake ikiwa mita moja ya ujazo ina kilo 30.

2. Siku moja ya kiangazi, joto ni digrii 30 na hewa imebeba asilimia 40 ya mvuke inaoweza kubeba. Ni mita ngapi za ujazo za hewa zitakazohitajika, kwa uchache, kuchukua lita 2 za maji?

3. Eleza kwa nini mto uliolowa huonekana wa baridi kuliko mkavu ulio katika chumba kile kile.

4. Kwa nini doa la damu lisiondolewe kwa maji ya moto?

5. Chunguza sebule ya nyumbani kwenu. Taja tabaka tatu za kochi, na ueleze kila moja litaathiriwa vipi na maji mengi.